Huyu Siye Bosi

Jumamosi, 2 Machi

Nimerudi nyumbani. Siku kumi na moja za hospitali, nyuzi tisa tumboni, na amri ya kutonyanyua kitu kizito kuliko birika. Daktari wa upasuaji kasema uvimbe umetoka wote. Kipande kimepelekwa maabara, majibu Jumatano. Mume wangu atayafuata yeye. Nimemwandikia karatasi ya ruhusa na kutia sahihi kitandani, mkono ukitetemeka. Mimi mwenyewe ningeikataa sahihi ile ingeletwa kwenye meza yangu.

Dada yangu mkubwa yumo humu tangu nilipolazwa. Kakiteka chumba cha Binti, kapanga upya sufuria zote, chumvi sijui iko wapi. Namshukuru. Kweli namshukuru.

Kabla ya kuvua viatu nikaenda kumsalimia Bosi. Miaka minane naye, samaki wa dhahabu wa kawaida tu, tangu Binti alipokuwa na miaka tisa akamleta ndani ya mfuko wa plastiki. Nikikanyaga sakafu ya sebule anaihisi mitetemo ya miguu yangu kwa ule mstari wa nukta ubavuni, naye hupanda juu mdomo wazi. Kama mteja aliyechoka foleni!

Leo kakimbilia kona. Kajificha nyuma ya mmea, mapezi yamebana.

Dada kacheka, eti kanisahau. Binti hakucheka. Kanipokea begi, akaondoka nalo haraka.

Jumapili, 3 Machi

Nimeamriwa kupumzika, basi nimepumzika mbele ya tangi la kioo. Saa tatu nzima.

Kazi yangu ni kutazama. Miaka ishirini na miwili kwenye masjala ya ardhi, nakagua hati. Nimeshaletewa mhuri uliochongwa kwenye kiazi, nikaujua kwa wino wake. Ofisini wananiita Lenzi, na najua si mara zote wananisifu.

Bosi ana baka jeupe chini ya kidevu, dogo kama punje ya mchele. Huyu kidevu chake chote ni rangi ya chungwa. Pezi la mgongoni la Bosi lina ncha iliyokatika, siku ile filta ilipomvuta. La huyu limesimama zima, kama limetoka kupigwa pasi.

Nikamwambia mume wangu aje atazame. Kaja na kikombe mkononi, kainama sekunde mbili.

"Ni yuleyule, mke wangu. Samaki hubadilika."

Dada kutoka jikoni: "Ni yuleyule!" — hakuna aliyemuuliza.

Binti, bila kuinua macho kwenye kitabu: "Ni yuleyule, Mama."

Vinywa vitatu, neno moja. Ofisini mashahidi watatu wakisema maneno yaleyale, faili tunalirudisha chini likachunguzwe upya.

Jumanne, 5 Machi

Tangi ni safi mno. Hilo ndilo linalonisumbua. Nyuma ya kioo huwa naacha utando wa kijani, Bosi audonoedonoe. Umefutwa. Nikainua kifuniko cha filta (kinyume cha amri, lakini ni chepesi kuliko birika). Sponji nyeupe kama mkate! Sponji ya filta haiwi nyeupe. Ule ukahawia wake ni vijidudu vyema, vinavyokula uchafu wa samaki kabla haujawa sumu. Kila Jumamosi naikamua ndani ya ndoo ya maji yaleyale ya tangi, basi. Si chini ya bomba. Na sitoi maji zaidi ya robo, na ya kujazia nayaacha siku nzima kwenye ndoo, dawa ya bomba ipungue. Yote hayo nimeyabandika ukutani, kwa herufi kubwa.

Nikamuuliza Dada kama aliiosha. Kasema alipangusa vumbi tu juu ya kifuniko. Alikuwa anakunja nguo. Shati moja kalikunja mara tatu.

Kwa nini wanidanganye kuhusu samaki?

Jumatano, 6 Machi

SAFI!

Mume wangu karudi saa saba na dakika kumi, bado na fulana ya shule ya udereva anakofundisha. Kasimama mlangoni. "Daktari kasema ni safi." Nikalia kama mtoto. Binti kanikumbatia mpaka nyuzi zikauma. Dada kaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu, bomba limefunguliwa. Alikuwa anashukuru, nadhani, kwa namna yake.

Kuna sindano chache zitafuata, kidonda kikishafunga vizuri. Za kuimarisha mwili. Kila aliyepasuliwa hupewa, kasema.

Mungu wangu, ahsante. Leo sitaki hata kumwaza samaki.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwaza samaki.

Huyu anakula kwa kutema. Anadaka punje, anaitema, anaidaka tena. Bosi alikuwa anameza kama anayewahi basi. Na nilipogonga meza kwa kidole — huwa namwita hivyo — huyu kashtuka, kageuka kwa mkia mmoja tu, akanitazama kutoka mbali. Ndiyo hivyo, samaki hana kope. Anakutazama hata asipotaka.

Binti kaosha vyombo bila kuambiwa. Mara ya tatu wiki hii. Hili nalo naliandika hapa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimetembea! Polepole, mkono tumboni, mpaka duka la samaki mtaa wa pili. Nimewaambia nakwenda kununua chakula cha samaki, jambo ambalo ni kweli. Binti katumwa anisindikize. Njia nzima alikuwa anabonyeza simu.

Muuza samaki ni mtu mwembamba anayesema taratibu, kana kwamba sauti ikipanda samaki watazimia. Kanikaribisha kwa pole nyingi. Alijuaje kama nilikuwa naumwa? Nikazunguka nikitazama. Gapi wenye mikia ya rangi rangi. Malaika, wembamba kama bahasha. Wale wapiganaji, kila mmoja kwenye chupa yake, na kipande cha kadibodi katikati wasionane wakachanana mapezi. Na tangi la samaki wa dhahabu, kumi na kitu, wote rangi ya chungwa.

Nikamuuliza: "Samaki wa dhahabu dume na jike unawajuaje?"

Kaanza vizuri, maana anapenda kazi yake. Kasema dume likikomaa huota vipele vyeupe, kama chembe za chumvi, juu ya vile vifuniko vinavyoziba matamvua ya kupumulia, na mbele ya mapezi ya kifuani. Watu wengi hudhani ni ugonjwa na kumtia dawa bure. Jike halina hivyo. Ukilitazama kutoka juu, tumbo limejaa, mara nyingi upande mmoja zaidi.

Bosi alikuwa na vipele hivyo kila msimu wa joto. Miaka mingi! Mwaka wa kwanza nami nilidhani ni ugonjwa.

"Wangu kabadilika sana," nikasema. "Nikuletee umtazame?"

Muuza samaki kamtazama Binti. Binti katazama chini. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya, lakini mimi hulipwa kwa muda kama huo.

"Usimsumbue kwa safari, mama," kasema. "Samaki wa dhahabu akikaa gizani rangi hupauka, akipata mwanga hurudi. Ni kawaida."

Ndiyo, ni kawaida. Nalijua hilo. Lakini rangi ikipauka, kidevu kitakuwaje na rangi zaidi?

Chakula kanipa bure. Wauzaji hawatoi bure bila sababu.

Alhamisi, 14 Machi

Bosi ametaga mayai.

Naandika tena ili nilione kwa macho yangu: Bosi ametaga mayai!

Asubuhi nilifungua pazia nikaona vitone kwenye kioo, vingine kwenye majani ya mmea. Vidogo kama vichwa vya pini, rangi ya maji ya ndimu. Nilidhani ni mapovu. Nikachukua lenzi yangu ya kazini, ile ya kukagulia mihuri. Si mapovu. Na mwenyewe alikuwa anapita akiyala moja moja, hana hata aibu.

Nikaita watu wote sebuleni. Nikakaa kwenye kiti cha mume wangu.

"Hongereni," nikasema. "Bosi kajifungua."

Dada kafungua mdomo, nami nikajua kabisa anataka kusema ni yuleyule. Hata yeye kaona haiwezekani. Kafunga.

Binti ndiye aliyepasuka. Kalia, maneno yakatoka yote pamoja. Siku ya tatu ya kulazwa kwangu, Mama Mkubwa alitaka nirudi nikute nyumba inang'aa. Kamwaga maji yote ya tangi. Yote! Kajaza ya bomba, moja kwa moja. Sponji kaifua kwa sabuni ya nguo. Bosi akapanda juu kuhema, vifuniko vya matamvua vikipiga haraka haraka, na kufika jioni alikuwa amelala ubavu. Binti alimfunua vifuniko vile kabla ya kumzika, kama walivyofundishwa maabara ya shule. Matamvua yaliyotakiwa kuwa mekundu kama damu mbichi yalikuwa yamebadilika, ya kahawia. Kamzika chini ya dirisha la jikoni, ndani ya kopo la majani ya chai.

Dada: "Nilikuwa nasafisha, mdogo wangu. Nilidhani uchafu ni uchafu."

Na nani kaamua nisiambiwe? Mume wangu, huku akisugua magoti: "Mimi. Ulikuwa umetoka tu kupasuliwa. Nikasema asishtuke. Binti akapeleka picha dukani, jamaa akachagua anayefanana."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimejiandaa siku kumi na mbili. Badala yake nikaanza kucheka, nikashika nyuzi, nikacheka tena, wote wakacheka kwa woga mpaka Dada akalia. Nikamwambia Dada yameisha. Nikaenda kusimama dirisha la jikoni peke yangu kidogo. Kopo la chai! Maskini Bosi.

Jumamosi, 16 Machi

Nilikuwa sahihi. Najisikia mwepesi. Si mwendawazimu, si dawa za usingizi, si uzee. Macho yangu yako pale pale.

Samaki mpya tumempa jina la Bibi Mkubwa. Mume wangu kanisaidia kubadili maji, robo tu, kwa kopo, kama mwanafunzi wake wa siku ya kwanza. Wanafunzi wake wanamwita Mwalimu Klachi, kwa kuwa neno analolirudia kutwa ni "achia polepole". Leo nimemwambia mimi: "Achia polepole, Mwalimu!" Kacheka. Lakini kicheko kikaisha kabla ya wakati wake, na akabaki anatazama maji yanavyoingia.

Siri imetoka. Kwa nini uso wake haujafunguka?

Jumapili, 17 Machi

Tuliza akili, nimejiambia. Hesabu ulichonacho.

Mtu akiungama, hulegea. Nimeliona hilo mara mia ofisini: mzee kakana hati ya bandia wiki nzima, siku akikiri anaomba maji ya kunywa, anakaa vizuri kitini. Humu ndani hakuna aliyekaa vizuri. Binti bado anaosha vyombo. Mume wangu bado anapokelea simu nje, karibu na gari, na akiniona dirishani anaanza kukagua matairi.

Na Dada. Dada anafundisha chekechea. Likizo yake iliisha Ijumaa. Mchana huu alikuwa anaanika nguo, simu imebanwa kwa bega, anamwomba mwalimu mkuu wake ruhusa zaidi. Mpaka mwezi wa sita, kasema. Kasema: hapana, siwezi kumwacha sasa.

Mwezi wa sita! Nyuzi zangu zinatolewa wiki hii.

Nilirudi kitandani kabla hajageuka. Nimelala chali nikisikiliza vibanio vya nguo. Kibanio kimoja, kimya. Kibanio kingine, kimya.

Wamenidanganya kwa siku kumi na mbili, wote watatu, pamoja na mwenye duka. Kwa upendo, najua. Asishtuke. Na walikuwa hodari! Lau si mayai, ningekufa nikimwita yule jike Bosi.

Kwa hiyo wanaweza.

Jumatatu, 18 Machi

Wakati wa chai nikasema, kama jambo la kupita tu: "Ile karatasi ya maabara iko wapi? Niiweke kwenye faili langu."

Mume wangu kasema hospitali wamebaki nayo.

"Nakala?"

"Hawakutoa nakala."

Mimi ni mtu wa masjala. Hakuna ofisi duniani inayompokea mtu na karatasi ya ruhusa ikamrudisha mikono mitupu. Lazima kapewa kitu. Lakini sikusema. Nikapaka mkate siagi. Yeye kamimina chai kwenye kikombe kilichokwisha jaa.

Dada kasema hewa imekuwa nzito leo, huenda ikanyesha. Binti kasema ndiyo, huenda ikanyesha. Nje jua linachoma.

Jumanne, 19 Machi

Nimetafuta. Naona aibu kuandika. Mifuko ya makoti yake, droo, chini ya godoro, kwenye gari chini ya kiti cha mwanafunzi. Nimekuta kalamu zangu tatu zilizopotea na kibao cha L.

Hakuna karatasi.

Zile sindano. Za kuimarisha mwili. Nilimuuliza ni ngapi. Kasema sita. Nikauliza kwa muda gani. Kasema moja kila wiki tatu hivi. Kisha kaniuliza kama nataka machungwa.

Sita, kila wiki tatu. Nimehesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kuanzia mwisho wa mwezi huu, sindano ya mwisho inaangukia katikati ya Julai. Dada kaomba ruhusa mpaka mwezi wa sita. Ataiongeza, huyo. Namjua.

Alhamisi, 21 Machi

Naandikia kwenye benchi la hospitali, daftari juu ya mkoba.

Niliwaambia nakwenda kutolewa nyuzi, na kweli zimetolewa, na hazikuuma. Nimekataa kusindikizwa. Nimesema nataka kujaribu miguu yangu. Binti kanifungia kamba za viatu, akachelewa kusimama.

Kutoka chumba cha nyuzi nilipaswa kugeuka kulia, mlango mkubwa. Nikageuka kushoto, dirisha la kumbukumbu za wagonjwa.

Karani wa dirisha ni msichana mwenye kucha safi na kalamu imefungwa kwa uzi. Ningemwajiri. Nikatoa kitambulisho, nikasema naomba nakala ya majibu yangu ya maabara. Kafurahi kuhudumia mtu anayejua namba ya faili lake kwa kichwa. Kaleta faili. Kafungua mbele yangu, kapitisha kidole kurasa za mwanzo, akafika ukurasa mmoja akasimama.

Nimefanya hivyo mimi mwenyewe. Wateja wangapi nimewafanyia hivyo! Unafika kwenye karatasi, unaona kwamba kiwanja si chake na hakijawahi kuwa chake, naye amesimama mbele yako na mwavuli. Kidole kinasimama kwanza. Uso unafuata baadaye.

Kalifunga faili taratibu. Sauti yake ikawa nyingine, ya chini.

"Mama, ngoja umwone daktari mwenyewe. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Basi kaa hapo. Nitamwambia. Hakuna haraka."

Hakuna haraka! Benchi zima limejaa, watu wanagombana zamu, mzee mmoja anatishia kuondoka, na mimi peke yangu ndiye hakuna haraka naye. Kaniletea maji ya kunywa. Wengine hawakuletewa.

Mkono wangu umetulia kabisa, najishangaa. Sahihi ya mkono huu ningeipitisha.

Sijui kama nataka kuwa sahihi safari hii. Alhamisi iliyopita nilifurahi. Nilitembea kifua mbele, nimewakamata! Leo naomba nimekosea. Naomba karani yule awe mgeni kazini. Naomba iwe ukurasa wa mtu mwingine, faili zimechanganyika, hutokea, naapa hutokea, mwaka jana sisi wenyewe tulichanganya —

Mume wangu kaingia getini.

Kaacha gari la mafunzo barabarani, mlango wazi, kibao cha L juu ya paa. Dada yuko nyuma yake, kandambili za nyumbani miguuni. Nani kawaita? Karani hakuwa na namba yao. Au anayo. Imo kwenye faili, bila shaka, namba ya ndugu wa karibu, mimi mwenyewe ndiye niliyeijaza.

Ananitafuta upande wa dirisha la dawa. Bado hajaniona. Nikinyanyua mkono ataniona, na akiniona atapanga uso kabla hajafika hapa, na nitaletewa ule wa mlangoni, wa saa saba na dakika kumi.

Sinyanyui. Namtazama. Kasimama katikati ya watu, kavua kofia, haoni kwamba naona, na uso wake ni ule wa karani alipofika ukurasa wangu. Si safi.